Tano kwa Kila Swali

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama, dada yako, magoti bado yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo haujambo. Jana amegombana na fundi bomba mpaka yule bwana akaondoka akasahau spana zake. Mtoto wangu ameanza kusimama kwa kushika kiti. Baba yake anakusalimu.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Ukiniuliza habari nasema nzuri, nikikuuliza unasema "tupo", halafu tunasikilizana tunavyopumua. Tulipomzika mkaza mjomba mwezi wa kumi na moja niliondoka kesho yake tu, sikukaa na wewe ipasavyo. Hilo linanikaa moyoni.

Kuna jambo jingine pia, la kazi. Unajua ofisi yetu hupima mafunzo: watu wakishapelekwa kusomeshwa, sisi tunakuja nyuma kuangalia kama kuna kilichobadilika. Safari hii tumepewa mafunzo ya uongozi ya wasimamizi wa hospitali yenu, yale ya wiki tatu ambayo mkaza mjomba alikwenda mwezi wa saba. Nilimwambia mkuu wangu nina ndugu hospitali hiyo. Akasema, "Nani hana ndugu hospitali?" Basi kazi ikabaki kwangu.

Wafanyakazi walio chini ya kila msimamizi walijaza fomu kabla hajaenda, na wakatakiwa kujaza nyingine miezi michache baada ya kurudi. Ni maswali mepesi, unatoa alama kuanzia moja mpaka tano. Fomu za pili za chumba cha kufulia, alichokuwa akikisimamia mkaza mjomba, zimerudi na tano tupu. Kila mtu, kila swali. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Hospitali ilizipokea Oktoba zikiwa hazijajazwa, zikaturudia sisi Desemba, na hakuna aliyeandika tarehe.

Cherehani yako iko humo humo ndani, Mjomba. Unakumbuka zilijazwa lini? Kabla hajafariki, au baada?

Ni hilo tu. Usile mkate mtupu kila siku.

Mpwa wako


27 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba nyingine ya huyo anayesimama. Mwambie asiwe na haraka, viti haviishi. Dada yangu mwambie apunguze ngazi, na fundi bomba mpeni pole.

Kikohozi kimepungua. Kazini nipo pale pale dirishani, natia viraka mashuka ya wodi na kushona vishikizo vya kanzu za wagonjwa. Nyumbani mashuka yananishinda. Yeye alikuwa akiyakunja kama ya hospitali, pembe juu ya pembe, yakikaa kabatini utadhani yamepangwa kwa rula. Nimemtazama akikunja miaka yote hiyo, na mikono yangu inajua kushona mshono wowote, lakini nikikunja mimi shuka linakuwa kama mtu aliyelala vibaya. Nimeacha. Nayaweka tu.

Nimefurahi sana kwa habari za zile tano. Hiyo sehemu ya barua yako nimeisoma hata wakati wa chai, nikamsomea na Redio. Redio ni yule mama anayekunja mashuka kwenye meza ya kwanza, tunamwita hivyo kwa sababu hazimi. Akasema, "Si nilikwambia!" Nini alichoniambia sikumbuki.

Ni kweli alirudi amebadilika. Zamani angesema, "Toroli hili liende wodi ya wazazi." Aliporudi akawa anasema, "Wewe unaonaje, toroli hili lianzie wapi?" Redio akamjibu, "Naonaje? Naona wewe ndiye unayelipwa kuona." Tulicheka mpaka mke wangu naye akacheka, halafu akasema, "Haya, wodi ya wazazi."

Mpwa wangu, nikuulize mimi sasa. Wiki tatu alizokaa huko chuoni, halafu akarudi, halafu ikawa miezi minne tu. Kama ningejua nisingemwachia hata siku moja. Huwa nazifikiria hizo wiki tatu. Kwa alama hizi ulizoziona, naweza kusema hazikwenda bure? Wewe ndiye unayepima, nitashika neno lako.

Ya fomu zilijazwa lini, sina hakika sana. Huku ndani mvuke ni ule ule, siku zinafanana.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mtoto alishikwa na homa, ikapita, ikanishika mimi, ikapita. Mama anasema nikwambie habari za mashuka zimemliza, halafu amesema utayaharibu kwa kuyarundika, uyatundike.

Alama za kufulia zimekuwa habari kubwa ofisini. Sehemu nyingine zote tulizopima hazikusogea. Jikoni wako walipokuwa. Wodi mbili ziko zilipokuwa. Stoo wameshuka kidogo. Inaonekana msimamizi wao alirudi na maneno mapya na kuwafanyia kikao kila asubuhi huku watu wamesimama mlangoni wakisubiri dawa. Ni nyinyi peke yenu mliopanda, na mmepanda hadi juu kabisa. Kwa hiyo wenye chuo wamefurahi. Wanasema chumba cha kufulia ni ushahidi kwamba mafunzo yakimwingia mtu yanafanya kazi, na kwamba kwingine hayakuingia kwa sababu ni mafupi. Wanataka kuanzia Agosti wasimamizi wote waende tena, wiki sita, wakilala huko huko. Mkuu wangu anaelekea kukubali. Ripoti ni yangu, natakiwa kuipeleka Juni.

Nakuuliza tena, Mjomba, si kwa ubaya. Kabla au baada?

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Poleni na homa. Mashuka nimeyatundika, mwambie dada yangu. Sasa chumba kizima kinaonekana kama kinakaribia kupakwa rangi.

Msimamizi wetu mpya ameshazoea. Ni binti wa watu, mpole, ana mtoto anayenyonya ambaye dada yake humleta mlango wa nyuma saa ya chakula. Mzee Mvuke, yule wa boila, amemtengea benchi karibu na ukuta wenye joto, na ameandika kwa chaki "HAPAKALIWI". Yeye mwenyewe amelikalia mara mbili nimemwona.

Habari ya wiki sita imefika huku. Huyo binti aliisikia. Alikwenda kuhesabu foronya, na foronya zilikuwa zimeshahesabiwa.

Umeniuliza mara mbili, nimeona. Na mimi nilikuuliza jambo moja, hukujibu, nalo nimeona. Hivi kama zingekuwa zimejazwa baada, ndiyo kusema watu wale ni waongo? Mbona walimpenda.

Mvua imeanza kuingia dirishani kwangu. Nimeisogeza cherehani.

Mjomba wako


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima huku.

Umesema kweli, nilikuruka. Nilitaka kukujibu vizuri na kila nikianza naona naandika maneno ya ofisini. Sasa nayasema hivi hivi. Uliuliza kama wiki tatu zile hazikwenda bure. Kwa kila nilichoweza kupima mahali pengine, mafunzo yale hayakubadilisha kitu. Walimu walikuwa wazuri, chakula kizuri, kila mtu alirudi ameridhika, na kazini mambo yakaendelea kama zamani. Kwa upande wa mkaza mjomba peke yake sijui, kwa sababu jibu lake liko kwenye zile fomu, na wewe ndiye unayejua zilivyojazwa.

Si waongo. Sijasema hivyo wala sitasema. Lakini fomu haiulizi kama walimpenda. Inauliza kama anawasikiliza, kama anagawa kazi kwa haki, kama anazuia hasira zake. Ni maswali ya mtu ambaye kesho asubuhi atakuja kazini.

Nikiziacha zilivyo, wasimamizi wote watakwenda wiki sita kwa sababu yake. Nikizitoa kwa kukisia tu, nitakuwa nimemfuta mke wako kwa kukisia. Sitaki kufanya hata moja kati ya hayo. Ningeweza kumwandikia Redio, sijamwandikia. Nangoja wewe.

Mpwa wako


25 Mei

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Mwezi wote huu barua yako imekaa chini ya mkasi mezani. Nimeijibu kichwani mara nyingi, huko kichwani naandika vizuri sana.

Ilikuwa baada. Karani wa utawala alikuja na bahasha wiki ile ya pili tangu mazishi, akasema zilikuwa zimesahaulika kwenye dawati la mtu aliye likizo, na sasa zinatakiwa Ijumaa. Msimamizi mpya alikuwa hajaletwa. Mzee Mvuke akafungua, miwani yake ikashika mvuke kama kawaida, akanipa mimi nisome. Watu wakakaa juu ya marobota ya mashuka machafu, maana meza zilikuwa zimejaa masafi.

Nikasoma swali la kwanza, "Msimamizi wako hukusikiliza unapokuwa na tatizo?"

Mzee Mvuke akasema, "Msimamizi yupi? Hatuna."

Redio akasema, "Tunaye. Weka tano."

"Mimi mwaka juzi alininyima ruhusa ya harusi ya mwanangu. Nilifika watu wanaosha sufuria."

"Mzee, wewe unataka kumpa marehemu mbili?"

"Sikusema mbili. Nimesema alininyima."

"Basi andika tano, halafu mnunie kimoyomoyo."

Akaandika tano. Swali lililofuata akaandika tano bila kuambiwa, akaniuliza kama wanaruhusu sita.

Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Kulikuwa na swali moja, nafikiri wewe ndiye uliyeliandika: "Je, umeona mabadiliko yoyote kwa msimamizi wako katika miezi mitatu iliyopita?" Nililisoma kama nilivyosoma mengine, sikuwa nimelitazama kwanza. Redio akasema, "Makubwa." Hakuna aliyecheka. Boila ilikuwa inalia. Kisha mmoja akashika kalamu, wote wakashika kalamu. Mke wangu hakuwa na chochote cha kupewa tena na watu wale isipokuwa hicho, na mimi sikuona ubaya, hata leo sioni. Ndiyo maana sikukujibu. Nilidhani nikijibu nitakuwa nimewapokonya, na nitakuwa nimempokonya yeye.

Lakini juzi yule binti wa mtoto anayenyonya alikuja dirishani kwangu na kanzu iliyochanika. Akasema, "Baba, wanasema tunapelekwa kwa sababu ya mama yetu aliyefariki. Alisoma nini huko, kizuri hivyo?" Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kweli kujua, ili mtoto akiachishwa ziwa kabla ya wakati ajue ni kwa ajili ya nini.

Nikatafuta la kumwambia. Ile "wewe unaonaje" mke wangu aliifanya kama siku kumi. Mashuka ya chumba cha upasuaji yakachelewa siku moja kwa sababu kila mtu alikuwa akiulizwa anaonaje, akaacha. Mkoba waliopewa chuoni, wenye maandishi ya dhahabu, anatilia vibanio vya nguo. Nimeandika "anatilia". Alikuwa akitilia.

Na kuna jambo sikukwambia, sijamwambia mtu. Usiku aliorudi nilimuuliza, "Wamekufundisha nini?" Akasema, "Mume wangu, nimelala." Huko chuoni alikuwa na kitanda chake peke yake karibu na dirisha, asubuhi anasikia mtu mwingine akigonganisha vikombe na si yeye, hakuna anayemwita, hakuna toroli. Anafika darasani mapema kwa sababu hana la kufanya. Aliniambia haya huku uso umemng'aa kama msichana, na mimi nikaona wivu, nikamwambia chai inapoa. Sikupenda kusikia kwamba alikuwa na raha mahali ambapo sipo. Sasa ndiyo kitu pekee ninachokijua kuhusu wiki zile, nacho wala si uongozi.

Nilimwambia yule binti sijui alisoma nini. Nikamrudishia kanzu yake.

Kwa hiyo zitoe, mpwa wangu. Ila usiandike kama hakuwahi kuwapo. Na kama inawezekana, ulisema watu walijaza nyingine kabla hajaenda, alipokuwa hai na anasimama pale pale akiwaangalia. Nipe hiyo. Kama ni mbaya pia nipe.

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ofisini nikaenda kuimalizia chooni. Nyumbani sote wazima. Mtoto ametembea hatua za kutoka kiti hadi kiti.

Ripoti imekwenda. Fomu za pili za kufulia hazimo kwenye hesabu. Nimeweka mstari wake na maelezo: msimamizi alihudhuria mafunzo yote, alirudi kazini, alifariki kabla ya kupimwa. Mkuu wangu alitaka mstari uondolewe wote, ripoti ionekane safi. Nilikataa. Alinitazama, akasema, "Haya, mstari mmoja hauui mtu." Halafu akakumbuka, akaniomba radhi.

Wiki sita hazipo. Wenye chuo wamenuna. Kinachozungumzwa sasa ni siku tatu tatu, hapo hapo hospitalini, jioni kila mtu anarudi kwake. Sijui kama nazo zitasaidia. Mwakani nitapima, na safari hii fomu nitazileta kwa mkono wangu.

Habari ya kulala haimo kwenye ripoti. Nilijaribu kutafuta pa kuiweka. Hatuna swali linalouliza hivyo, na ningeliongeza sasa lisingekuwa na wa kulijibu.

Uliyoomba: fomu ya mtu mmoja mmoja siruhusiwi kukuonyesha. Wastani naruhusiwa, kwa kuwa utabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila idara. Alipokuwa hai, kabla hajaenda, walimpa hivi. Kusikiliza, nne. Kugawa kazi kwa haki, tatu. Kueleza kazi ikaeleweka, nne na kidogo. Kuzuia hasira, mbili. Ukijumlisha yote na kugawa, tatu na ushee. Ni alama ya kawaida tu, Mjomba. Wasimamizi wengi wako hapo.

Nisamehe kama si uliyotarajia.

Mpwa wako


8 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Hongera ya hatua za kwanza, mfichieni vikombe. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha.

Karatasi yako imebandikwa Jumatatu, karibu na mlango wa boila. Watu waliipita asubuhi nzima kama hawaioni. Saa ya chai Redio akasimama mbele yake na kikombe, akasoma kwa sauti mpaka akafika kwenye hasira.

"Mbili! Ni nani aliyempa mama wa watu mbili?"

Mzee Mvuke akasema kutoka kule ndani, "Mbili ni wastani. Mimi nilimpa moja."

"Kumbe ni wewe!"

"Alinirushia mche wa sabuni. Ukanipita hapa. Nikampa moja."

"Ulikuwa umeacha boila ikapoa, wodi tatu zikalala bila mashuka."

"Sijakataa. Lakini sabuni ni sabuni."

Mwingine akasema, "Na alipokurushia si alikuja kuiokota mwenyewe, akakuuliza kama umeumia?"

"Akaniuliza, nikasema sijaumia, akasema, 'Ningekuumiza ungekuwa na adabu.'"

Hapo ndipo walipovunjika mbavu. Tangu mazishi humu ndani walikuwa wakimtaja kwa sauti ya chini, marehemu hivi, marehemu vile, mtu mwema asiyegombana na yeyote, na mimi nilikuwa naitikia huku nikijiuliza wanamsema nani. Nyumbani amenirushia kijiko, na kijiko kilinipata.

Sasa wakaanza kumsema kila mtu kwa zamu yake: alivyowashikia zamu za usiku wenye wagonjwa nyumbani, alivyowakemea, alivyokuwa akiimba vibaya kwenye mashine ya pasi na kukataza mwingine asiimbe. Msimamizi mpya alisimama mlangoni na mtoto begani, akasikiliza, hakuwafukuza. Mashine ya pasi ikapoa.

Nilikuwa na shuka chini ya sindano. Nililiacha hapo hapo, nikageuza kiti kuwaelekea.

Mjomba wako